Rangi ya mwanga hulipwa kwa joto

Saa kumi na moja alfajiri kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mnunuzi wa sato hana jua la kumsaidia. Anainua kifuniko cha shavu la samaki kwa kidole gumba na kumulika ndani. Shavu jekundu lenye unyevu ni la samaki aliyetoka majini usiku huohuo. Likianza kuingia ukahawia, samaki huyo amelala. Sasa mmulike samaki mmoja kwa tochi mbili zenye nguvu sawa. Chini ya ile yenye mwanga mweupe unaokimbilia bluu, shavu bichi linaonekana la zambarau iliyofifia, karibu sawa na la jana. Chini ya ile yenye mwanga wa rangi ya maziwa ya moto, wekundu unaruka machoni na ukahawia unajitenga wenyewe. Samaki ni yuleyule. Tochi ya kwanza haina wekundu wa kutosha ndani ya mwanga wake, na rangi isiyokuwemo kwenye mwanga haiwezi kurudi kutoka kwenye kitu.

Nawaandikia wanaotaka tochi ndogo ya mfukoni, ya betri moja ya kuchaji ya saizi ya 18650 au 21700, na wanaojiuliza rangi ipi wachague na joto lake litaenda wapi. Maswali hayo mawili huulizwa mbalimbali, kumbe ni deni moja. Rangi nzuri ina gharama, gharama hiyo inadaiwa kwa joto, na tochi ndogo haina pa kulitupa joto. Msimamo wangu nauweka mapema: chukua rangi nzuri, kisha deni lake ulilipe kwa draiva (saketi inayoipa LED umeme wa betri) yenye ufanisi. Hesabu ya kuthibitisha hilo iko chini, na si ngumu.

Njano, bluu, kijani, waridi

Kipimo kinachoandikwa kwenye boksi ni Kelvini. Moto wa koroboi uko karibu na 1,900, balbu ya zamani ya waya 2,700, jua la saa sita mchana 5,500 hivi. Tochi nyingi zinazopangwa mezani Makoroboi, mtaa ambao jina lake bado limebeba taa ya mafuta, ziko 6,500 na kupanda. Namba ikishuka mwanga unakuwa wa njano. Ikipanda unaelekea bluu.

Lakini Kelvini inapima njia moja tu. Kuna njia ya pili inayoikata ya kwanza: kijani upande mmoja, waridi upande mwingine. Wapimaji wa mwanga wanaiita Duv. Sifuri ni mwanga unaofanana na wa kitu kinachong'aa kwa joto lake chenyewe, kama waya wa balbu. Ikiwa chanya, kuna kijani. Ikiwa hasi, kuna waridi. Duv ya +0.006 inaonekana waziwazi kwenye ukuta mweupe, na mkono wa mtu unaonekana kama wa mgonjwa. Kati ya 0 na −0.005 mwanga ni safi na macho yanatulia. Ukipita −0.010 waridi unazidi, karatasi nyeupe inaanza kuonekana kama imemwagikiwa sharubati. Tochi mbili zinaweza kuandikwa Kelvini 4,000 zote, moja ikawa tamu na nyingine ya kijani kama maji ya bwawa. Anayesema hapendi mwanga wa njano mara nyingi alikutana na njano yenye kijani, akailaumu njano.

Jambo moja linawapita wengi: LED nyingi hugeuka kijani kadiri umeme unavyopunguzwa. Dukani muuzaji anawasha kwa nguvu zote, rangi inapendeza. Usiku nyumbani unaishusha hadi lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10 au 20, kijani kinajitokeza. Ipime kwenye kiwango utakachoishi nacho. Hata kioo cha mbele kina mkono wake: kile chenye utando wa kuzuia mng'ao, unaoakisi zambarau ukikiinamisha, kinapitisha mwanga ukiwa na chembe ya kijani au njano, kwa sababu ile zambarau imerudishwa ndani.

Cha tatu ni uhalisia wa rangi, yaani CRI, na hapo ndipo shavu la sato linapoamuliwa. Ndani ya LED nyeupe kuna kichipu kinachotoa mwanga wa bluu, wa nanomita 450 hivi, na juu yake kuna unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Bluu na njano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Ni kazi iliyowezekana baada ya Shuji Nakamura kupata LED ya bluu yenye mwanga mkali akiwa kampuni ya Nichia, Japani, mwaka 1993. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Lakini mchanganyiko huo wa rangi mbili una pengo kwenye nyekundu. Ili kuliziba, mtengenezaji anaongeza fosfa nyekundu.

CRI ni wastani wa rangi nane za majaribio, zote hafifu. Nyekundu iliyokolea haimo. Inapimwa peke yake kwa jina la R9. Kwa hiyo LED inaweza kuwa na CRI 80, namba inayosikika vizuri, huku R9 ikiwa karibu na sifuri. Zenye CRI 70, ambazo ndizo zimejaa sokoni, R9 yake kwa kawaida iko chini ya sifuri. Anayetazama mashavu ya samaki, kidonda, waya wa kahawia na waya mwekundu ndani ya boksi la umeme, au dagaa walioanza kuingia njano ya kuchacha, atafute CRI isiyopungua 90 na R9 isiyopungua 50. Nichia 519A na ndugu yake mkubwa 219B hupatikana zikiwa na alama R9080, maana yake CRI 90 na R9 80 kwa uchache. Kwa tochi ndogo ya kazi zote mimi nachagua Kelvini 4,000 hadi 4,500, CRI 90, Duv kwenye sifuri au chini yake kidogo.

Wale wanaopenda kuchezea LED kwa mikono watasikia habari ya kung'oa kuba la silikoni juu ya 519A. Inafanyika, na matokeo yanajulikana: Kelvini zinashuka kwa 1,000 hivi, Duv inashuka kuelekea waridi, mwale unakaza na kwenda mbali zaidi, na lumeni zinapungua kidogo. Anayetaka kuishia 4,500 anaanza na 5,700. Anayeanza na 4,500 ataishia kwenye njano ya 3,500 hivi.

Deni lenyewe

Tuseme LED nyeupe inayoelekea bluu yenye CRI 70 inatoa lumeni 140 kwa kila wati, na ile ya CRI 90 ya Kelvini 4,500 inatoa 105, zote kwa ampea moja na kitu. Pengo hilo la robo ni la kawaida. Sababu ni mbili. Bluu inapogeuzwa kuwa nyekundu ndani ya fosfa, tofauti ya nishati kati ya rangi hizo inabaki pale pale kama joto, na nyekundu iko mbali na bluu kuliko njano ilivyo. Ya pili ni kwamba lumeni hupimwa kwa jicho la mwanadamu, na jicho halithamini sana nyekundu iliyokolea. Sehemu ya hasara hiyo haikuwa joto kabisa: ni mwanga uliotoka mbele, umefanya kazi yake kwenye shavu la samaki, ila mita ya lumeni haikuuhesabu.

Na jicho lenyewe halipandi kwa mstari ulionyooka. Ili mwanga uonekane umekuwa maradufu, lumeni zinatakiwa kuwa kama mara nne. Robo ikipungua, bila tochi mbili kuwashwa bega kwa bega, hutaitambua.

Sasa mwili wa tochi. Chukua bomba la alumini lenye kipenyo cha milimita 25 na urefu wa milimita 100. Eneo lake la nje, pamoja na ncha zote mbili, ni sentimita za mraba 88 hivi. Hewa iliyotulia, ukijumlisha na mnururisho, huchukua takriban wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Usiku wa Mwanza wenye nyuzi 22, na mwili wa tochi ukiwa nyuzi 50, ambazo ni mpaka wa mkono kuvumilia chuma, tofauti ni 28. Zidisha: bomba hilo linatupa wati 2.5 tu. Ukilifumbata, damu inabeba wati moja au zaidi. Weka wati 3.5. Hiyo ndiyo bajeti yote ya joto ya tochi ya mfukoni, iwe imeandikwa lumeni 1,000 au 5,000.

Zile lumeni 5,000 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye uzito. Gramu 90 za alumini zinameza jouli 81 kwa kila nyuzi moja. LED zikimwaga wati 20 za joto, mwili unapanda nyuzi moja kila sekunde nne, na kutoka 25 hadi 50 ni kama dakika moja na sekunde 40. Baada ya hapo ama tochi inajishusha yenyewe, ama unaiachia. Kanuni ya vipimo inayoandikwa kwenye maboksi, ANSI FL1, inasoma lumeni sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10. Boksi linaweza kuandika «lumeni 2,000, saa 3» bila kusema uongo, ilhali karibu saa zote hizo tatu umetembea na lumeni 300. Tafuta mchoro wa mwanga kwa dakika. Kile kiwango kinachonyooka baada ya dakika ya tano ndiyo tochi unayoinunua.

Draiva ndiyo inayolipa

Draiva ni kile kibao cha saketi kati ya betri na LED. Betri ikijaa ina volti 4.2, LED moja ikiwaka kwa ampea moja na nusu inataka 2.9 hivi. Zile volti zinazozidi lazima ziende mahali.

Draiva ya kubana moja kwa moja, kama zile zenye vichipu vya 7135 vya miliampea 350 kila kimoja, inazichoma volti hizo kuwa joto. Betri ikiwa na volti 4.1, ufanisi ni 2.9 kugawa kwa 4.1, yaani asilimia 71. Betri ikishuka hadi 3.5 ufanisi unapanda kufika 83. Draiva ya koili inayoshusha volti kwa kukata na kuunganisha mkondo haraka haraka haichomi. Inatoa asilimia 90 au zaidi, betri ikiwa imejaa au la, mpaka betri ikaribie volti za LED yenyewe. Kuna nyingine ya koili inayopandisha volti kwa LED zilizopangwa kwa mfululizo, nayo faida yake ni kwamba mwanga haufifii betri inapochoka.

Tuirudie bajeti ya wati 3.5. Tochi ya kwanza ina LED ya CRI 70 na draiva ya kubana, betri imejaa. Kwa LED hiyo asilimia 44 ya umeme wake inatoka kama mwanga. Ukipiga hesabu, tochi inaweza kuvuta wati 5.1 kutoka kwenye betri kabla ya kufikisha joto la 3.5, LED inapata wati 3.6, ukitoa asilimia 15 inayopotelea kwenye kioo na kikombe cha kuakisi, mbele zinatoka lumeni 430. Tochi ya pili ina LED ya CRI 90, asilimia 35 inatoka kama mwanga, na draiva ya koili ya asilimia 90. Nayo inavuta wati 5.1. LED inapata 4.6, mbele zinatoka lumeni 410.

Mia nne na thelathini dhidi ya mia nne na kumi. Shavu la samaki limepata wekundu wake kwa gharama ambayo hakuna jicho linaloweza kuiona. LED hiyohiyo ya CRI 90 ukiifunga na draiva ya kubana unapata 295, na hapo ndipo watu wanaposema rangi nzuri ni giza. Ukiwa na betri ya 18650 ya miliampea-saa 3,500, yenye wati-saa 12.6, tochi hiyo ya pili inawaka saa mbili na nusu kwa mwanga ulionyooka.

Kaa macho na draiva zinazofungulia betri moja kwa moja kwenye LED kisha zinapunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima mara maelfu kwa sekunde. Kila mpigo LED inavuta ampea kamili, kwa hiyo hata kwenye mwanga mdogo inafanya kazi kwa ufanisi ule mbovu wa nguvu zote. Kuitambua ni rahisi: mulika maji yanayodondoka kutoka kwenye kasia au bomba. Matone yakionekana kama mstari wa vidoti badala ya mchirizi laini, ndiyo hiyo. Kamera ya simu pia inaonyesha michirizi myeusi inayotembea.

Na ukipata tochi yenye LED tatu au nne chini ya lenzi moja, hiyo ni nafuu nyingine. LED hupoteza ufanisi kadiri ampea zinavyoongezeka. Ampea mbili zikigawanywa kwa LED nne, kila moja inakula nusu ampea, inakaa baridi, na inatoa lumeni nyingi zaidi kwa wati ileile. Unachokosa ni mwale wa mbali.

Njia ya joto kutoka LED hadi mkononi

Joto linazaliwa kwenye kichipu cha milimita moja au mbili. Linapita kwenye lehemu, kwenye kisahani LED ilichogandishwa, kwenye pesti ya joto, kwenye rafu ndani ya kichwa cha tochi, kisha ukutani na kwenye mapezi. Kila kiungo kinaweza kuharibika, na kiungo kibovu kina dalili ya ajabu: tochi inakuwa baridi mkononi huku LED inaungua. Ukiwasha kwa nguvu zote na baada ya dakika moja kichwa bado hakijapata joto, usifurahi. Mwanga utaanza kugeuka bluu, utafifia, na siku moja kichipu kitaonyesha doa jeusi.

Visahani viko vya aina mbili. Cha alumini kina utando wa kuzuia umeme kati ya LED na chuma, na utando huo ni blanketi: joto linapanda nyuzi kadhaa kwa kila wati. Cha shaba chenye njia ya moja kwa moja kinaacha pedi ya katikati ya LED ikae juu ya shaba yenyewe. Kwa tochi inayozidi wati tano, usikubali cha alumini.

Chini ya kisahani, kazi ya pesti ni kuondoa hewa tu. Tazama tofauti: kisahani cha milimita 16, na pesti ya kawaida yenye unene wa milimita 0.05, kinapandisha joto kwa sehemu ya ishirini ya nyuzi kwa kila wati. Pesti hiyohiyo ikipakwa nusu milimita, ni nusu nyuzi. Pengo la hewa la milimita 0.1 ni nyuzi 19 kwa kila wati. Ndiyo maana tochi iliyoanguka ikalegea skrubu za ndani inaungua ndani ya wiki.

Kuifungua na kuipakia upya si kazi ya kuogopa. Toa betri kwanza. Zungusha pete ya mbele. Ikigoma, ishike kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Toa kioo, oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) na kikombe cha kuakisi, na kuanzia hapo usiiguse LED kwa kidole, kwa sababu kuba lake ni silikoni laini na linashika vumbi. Chora kwenye karatasi waya upi uko chanya, kisha uzitoe kwa pasi ya lehemu. Lehemu ya zamani ya bati 63 na risasi 37 inayeyuka nyuzi 183. Pasi ikae sekunde mbili tatu, isizidi, maana kisahani cha shaba kinanyonya joto na mtu anashawishika kung'ang'ania. Ikigoma, tanguliza kukipasha kichwa chote cha tochi.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti. Weka msasa namba 400 juu ya kipande kidogo cha mbao bapa, usugue rafu kwa mzunguko mpaka mistari ya mashine ipotee, kisha namba 800. Vumbi la alumini lote lipulizwe na kufutwa, chembe moja chini ya kisahani ni kigingi. Pesti mpya, ileile ya prosesa za kompyuta, iwe kiasi cha punje moja ya mchele katikati. Bana kisahani na ukisokote robo mzunguko kulia na kushoto mpaka uhisi kinashika. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo kila moja, kisha rudisha waya. Pesti iliyojitokeza pembeni iondolewe, isiguse pedi za umeme. Usitumie gundi yenye harufu kali ndani ya kichwa kilichofungwa: mvuke wake unaingia kwenye silikoni ya LED na joto linaugeuza kuwa ukungu wa kahawia.

Kuhusu chuma cha mwili, alumini ndiyo jibu kwa karibu kila mtu. Shaba inasafirisha joto zaidi ya mara mbili ya 6061, aloi ya alumini, na kwa ujazo uleule inameza joto asilimia 40 zaidi, lakini ina uzito mara tatu. Titani inapendeza na haishiki kutu, ila upitishaji wake wa joto ni karibu sehemu ya ishirini na tano ya alumini: kichwa kinaungua, mkia baridi. Na wanaopenda kusugua rangi ya tochi mpaka alumini ing'ae kama kijiko wanajipunguzia. Kwenye hewa tulivu karibu nusu ya joto linatoka kwa mnururisho, na alumini iliyong'arishwa hainururishi karibu chochote. Ule utando mgumu wa rangi, uwe mweusi, wa kijani au wa bluu, unanururisha vizuri kwa sababu mnururisho wa joto hauijui rangi tunayoiona.

Ufukweni na majini

Maji ya ziwa letu yana mwani na uozo wa majani, na maji ya namna hiyo yanameza bluu. Mmulikaji wa propela iliyonasa wavu akitumia mwanga wa 6,500 anaona pazia jeupe; akitumia 4,000 anaona mbali zaidi kidogo. Wadudu nao hufuata bluu kuliko njano. Msimu wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopaa kama moshi hakuna mwanga utakaowafukuza, lakini wa njano unawapunguza mbele ya uso.

Ukungu wa asubuhi ni habari nyingine. Watu husema njano inapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Yanarudisha zote sawasawa. Kinachosaidia ni kuitenga tochi na jicho: ishike kiunoni, mwale mwembamba, na uache taa ya kichwani nyumbani.

Kutafuta boya au mtumbwi wa mwenzio kwenye giza ni mahali pekee ninapoupa mwanga mweupe haki yake. Jicho lililozoea giza linaona vizuri zaidi rangi za kijani-bluu, na vichipu vidogo bapa vya mwale wa mbali vinauzwa karibu vyote vikiwa vyeupe. Hapo angalia kandela, kipimo cha ukali wa mwale. Umbali wa boksi ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kandela: 10,000 zinakupa mita 200, na mwisho wa mita hizo mwanga ni kama wa mbalamwezi. Ukitaka mita 400 unahitaji 40,000. Wavuvi wa dagaa wanaoingia usiku wa giza wana taa zao za kuvutia samaki. Hiyo ni elimu ya peke yake. Tochi yao ya mfukoni inayofaa ni ile yenye kiwango cha chini ya lumeni moja, maana macho yaliyozoea giza yakipigwa mara moja yanachukua nusu saa kurudi.

Ukiwa mezani kwa muuzaji

«Kaka, hii ina lumeni ngapi?» «Hiyo bosi, laki moja.» Shukuru, kisha omba uiwashe kwenye karatasi nyeupe ukiwa na nyingine unayoijua pembeni. Jicho linajizoesha rangi yoyote ndani ya dakika chache, kwa hiyo tochi moja peke yake itakuonyesha nyeupe daima. Kijani kinajulikana kwa kulinganisha. Kama simu yako ina kamera ya kupanga kwa mkono, ifunge kwenye Kelvini 5,000 na upige zote mbili kwenye picha moja. Mulika kiganja chako: damu chini ya ngozi ndiyo shavu la samaki unalotembea nalo. Mulika pia mbali kidogo ukutani uone kama katikati ni njano na pembeni ni bluu. Kikombe laini sana hufanya hivyo, chenye ngozi ya chungwa kinachanganya.

Betri ipime kwa mizani. Betri ya kweli ya 18650 ina gramu 45 hadi 49, na uwezo wake kwa kawaida hauzidi miliampea-saa 3,600 hivi. Iliyoandikwa 9,900 ikiwa na gramu 30 ina kichupa kidogo ndani au chembe ya zamani. Mizani ya sonara inatosha kabisa.

Kisha iache ikiwaka kwa nguvu zote mkononi huku mkiongea bei. Kichwa kipate joto ndani ya dakika moja, mwanga ushuke taratibu bila kuruka, na mwili usifike pa kukufanya uhamishe mkono.

Ukishaitoa kwenye mtumbwi ikiwa ya moto, usiichovye ziwani kuipoza. Hewa ya ndani inanywea ghafla na kunyonya maji kupita kwenye oringi, hata ile ambayo ingestahimili mita mbili ikiwa baridi. Iweke juu ya ubao wa kukalia dakika tano kwenye upepo, ndipo uisuuze magamba.